Mwanafunzi Wangu wa Mwisho

Nimetumia maisha yangu ya kazi kusoma na kufundisha riwaya za Kimarekani za kisasa, na Marekani yenyewe sikuwahi kufika. Nilikulia Kishapu, nyumbani tukiongea Kisukuma. Kiingereza nilikikuta darasani, kwa viboko. Hata hivyo nilizipenda zile riwaya za watu wenye magari na friji zilizojaa, wanaokaa meza moja wakakosa la kuambiana. Niliandika makala nyingi juu ya ukimya wao. Sijui kama yupo aliyezisoma, ukimwacha mhariri.

Nilipokaribia kustaafu, mkuu wa idara aliniambia kozi yangu itafutwa kwa sababu hakuna wa kuirithi. Nikamwambia yupo. Mwanafunzi wangu wa mwisho wa uzamili, mtu wa Kagongwa, alikuwa ameandika tasnifu bora kuliko yangu. Alisubiri ajira mpaka akachoka, akaenda Geita kwenye machimbo. Nilipanda basi kumfuata.

Nilimkuta kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, vumbi limemjaa hadi kwenye kope.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kukurudisha chuoni."

Alinipeleka kwa mama ntilie, akaagiza chai. Kikombe chake alikishika kwa mikono miwili, na bado chai ikamwagika mezani.

"Ni zebaki," alisema. "Tunaishika kwa mikono mitupu tukikamatia dhahabu. Nimefanya hivyo miaka sita."

Nilitoa fomu ya maombi ya kazi, nikaiweka mahali pakavu. Alichukua kalamu, akajaribu kuandika jina lake. Herufi mbili za kwanza zilipanda, ya tatu ikatoka nje ya mstari. Akanirudishia kalamu.

"Niandikie wewe, mwalimu."

Nikawa namuuliza, naandika. Tulipofika kwenye uzoefu wa kazi akasema, "Weka hakuna."

"Unasoma siku hizi?"

"Nilikuwa nasoma. Sasa nikifika chini ya ukurasa, nimeshasahau juu kulikuwa na nini."

Alisema hivyo kwa upole, kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kufarijiwa.

Fomu niliipeleka mwenyewe. Mkuu wa idara alinionyesha ratiba mpya. Kozi yangu haikuwamo, na nafasi ilikuwa imepewa mtu wa kufundisha Kiingereza cha biashara. Nilikaa siku kadhaa nikitafuta namna ya kumweleza. Nilipopiga simu, alipokea mkewe.

"Amelala, baba. Siku hizi hata kifungo cha shati namfungia mimi. Anauliza kila mara kama wamemwita kwenye usaili."

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri. Nikasema bado wanapitia maombi.

"Haya, asante," alisema, nikamsikia akimwamsha amwambie.