Kaveke na mstari mmoja unaofungua maji ya Kalamba

Saa nne asubuhi, foleni ya mitungi imeisha katika kioski cha maji cha Kalamba, na hapo ndipo Kaveke Nzau anapoanza kazi ambayo wenye haraka wangeimaliza kabla ya chai.

Yuko Sultan Hamud, katika chumba kilicho juu ya duka la mbolea, malori ya barabara ya Mombasa yakinguruma chini ya dirisha. Ndiye anayeandika programu inayofungua bomba mteja anapogusisha kadi yake.

"Watu wakiwa kwa laini siwezi gusa hiyo kitu," anasema. "Nikikosea, maji inakatika na mtu ako hapo na punda."

Programu ina tawi kuu, lile linaloendesha bomba. Kaveke akitaka kubadilisha jambo, hutoa nakala kando, tawi lake mwenyewe, akaifanyia kazi bila kumsumbua mtu. Safari hii ameandika sheria mpya: kadi ikiisha salio, bomba lisifunguke.

Kulirudisha tawi hilo katika lile kuu ndiko kunakomnyima raha. Mwezi uliopita bomba liligoma asubuhi nzima, na kamati ya maji ikamwambia wazi kwamba likigoma tena, kadi zitatupwa na kazi yake itaishia hapo.

Kwa hivyo hana pupa. Kwanza anaingiza mabadiliko yote ya tawi kuu katika lake, ili kasoro ikitokea, itokee kwake. Kompyuta inagoma. Yeye na mwenzake, Gathua, wamebadilisha mstari uleule, na sasa inamtaka achague mmoja.

Kuchagua wa kwake ni rahisi mno. Badala yake anampigia simu Gathua, aliye likizo kwao Nyeri.

"Hiyo ni ya wazee," Gathua anamwambia. "Si kamati ilisema wachote hata kadi ikiwa zero? Usiitoe!"

Kaveke anashika kichwa. Hakuwa kwenye mkutano huo.

"Ningeweka yangu, Mzee Muli wa Kalamba na kadi yake ya zero angerudi nyumbani na mtungi mtupu," anasema, na inaonekana imemuuma.

Anauandika mstari upya ili sheria zote mbili zikae pamoja. Anaujaribu kwenye nakala isiyogusa bomba la mtu. Toleo la jana analiweka pembeni, mambo yakiharibika alirudishe, kisha anaunganisha. Halafu anampigia Ndila, muuza maji wa Kalamba.

"Mama, Mzee Muli ako hapo? Ajaribu kadi."

Maji yanasikika yakigonga mtungi.

"Yake imetoka, mwiitu," Ndila anasema, akimwita binti kwa Kikamba. "Yangu imeisha pesa, imekataa."

"Basi iko sawa, mama," Kaveke anajibu, akicheka kwa mara ya kwanza leo.

Sasa anaishawishi kamati ya kwao Mbumbuni ikubali kadi. Mamake bado hununua maji ya mkokoteni.

"Siku mamangu atachota hapo," anasema, "sitaki hata ajue kuna kitu tulibadilisha. Aweke kadi, maji itoke, aende zake."