Damu ya Mkwe Asiyetoka Nyumbani

Kazi yake ilikuwa kusema. Alikuwa mshereheshaji wa harusi, yule mtu wa suti inayong'aa anayewaambia wageni lini wakae, lini wasimame na lini keki ikatwe. Kwa vile hata akiomba chai nyumbani kwake alisikika nyumba ya tatu, watu walimwita Kipaza. Mkewe alimpata kazini. Alimtangaza yule binti ukumbini kuwa ni dada wa bwana harusi, binti akapanda jukwaani kumsahihisha, na mpaka leo hajaacha kumsahihisha.

Korona ilipofunga kumbi ilimfunga na yeye. Suti ikakaa kabatini, mwenyewe akakaa kwenye kochi. Mkewe aliendelea na kazi yake ya keshia katika duka kubwa, na Kipaza akabaki na redio, akibishana na watangazaji. Mtu wa kumwandama kwa kukaa huko alikuwa mama mkwe, matroni mstaafu wa bweni la wasichana, ambaye kwa miaka yake yote ya kazi alikagua kucha, vitanda na masikio. Kila Jumapili alipiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bado umekaa?"

"Nimekaa, mama."

"Haya. Geukageuka basi, usije ukaota mizizi."

Siku moja yule mama alipanda juu ya kigoda kutoa mapazia, maana kwake mapazia hayashikwi na mkono wa mtu mwingine. Kigoda kikateleza. Nyonga ikavunjika, akapelekwa hospitali huku akiwaelekeza wabebaji jinsi ya kushika machela.

Daktari alikuwa mpole na mwenye haraka. "Mama, nyonga tutaiunga. Lakini damu yako iko chini sana. Hatukupasui mpaka tukuongeze."

"Mniongeze damu ya nani?"

"Ya benki ya damu."

"Nimekuuliza ya nani, baba, sijakuuliza inakaa wapi."

Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Kwenye simu yake mama alikuwa amepokea sauti ya mtu aliyejiita daktari, akionya kwa kunong'ona kwamba wagonjwa wa korona wanatolewa damu na damu hiyo inatiwa watu wengine kimyakimya. Alikuwa ameisikiliza mara nyingi na kuwatumia wenzake wote waliostaafu. Sasa akakunja mikono kifuani. Damu ya mtu asiyemjua haingii mwilini mwake. Akae na nyonga yake hivyo hivyo.

Wakati huo hospitali iliruhusu mtu mmoja tu kumwona mgonjwa, na katika ukoo mzima mtu mwenye nafasi ya kushinda hospitalini alikuwa Kipaza. Akatoka kwenye kochi, akavaa barakoa, akawa anakaa pembeni ya kitanda cha mama mkwe akimenya machungwa. Wengine walisimama nje, upande wa dirisha, ndani ya kitalu cha maua, wakiongea na mama yao kupitia nondo.

Mama aliamua kuwa atapokea damu ya mtoto wake mwenyewe, lakini baada ya ukaguzi. Akaagiza ageuzwe kidogo aelekee dirishani.

Mkubwa, dereva wa lori, alivua kofia. "Mimi niko tayari, mama."

"Wewe unalala kila mpaka na kula kila kibanda. Pita huko."

Kitinda mimba, kinyozi, akajisogeza. "Mimi sijasafiri, mama."

"Unashinda unapumuliana na watu shingoni. Pita."

Akabaki binti, mke wa Kipaza, aliyekuja na sare yake ya dukani. Mama alimtazama kwa huruma. "Na wewe unashika noti za mji mzima, mwanangu. Simama nyuma kidogo, hata hapo uliposimama ni karibu."

Kisha yule mama akageuza shingo polepole, akamwangalia mtu wa machungwa.

"Mkwe. Wewe tangu janga lianze umekwenda wapi?"

Kipaza alifikiri kwa bidii. "Sijakwenda popote, mama."

"Sokoni?"

"Anakwenda mwanao."

"Kwa marafiki?"

"Walichoka na mimi kabla ya korona."

Mama akashusha pumzi kama mtu aliyepata ufunguo uliopotea. Kumbe muda wote aliokuwa akimsema, mkwe alikuwa akijihifadhi! Katika mji mzima hapakuwa na damu iliyotulia kama ile. "Mchukueni huyu," akamwambia nesi. "Mkwe wangu hajagusana na mtu."

Nje kwenye maua, mashemeji zake walipiga makofi. Mkewe hakupiga. Alimwona mumewe amebadilika rangi, naye alijua kwa nini. Kipaza, aliyeweza kusimama mbele ya watu mia tano bila karatasi, alikuwa anaogopa sindano. Aliwahi kuugua malaria, akasikia neno "sindano", akatoka zahanati kwa mlango wa nyuma na homa yake.

Lakini mbele ya mama mkwe, na macho ya ukoo yamejaa dirishani, angesema nini? Akafuta mikono ya machungwa, akaenda.

Chumba cha kuchangia damu kilikuwa na viti vitano vya kulalia, vyote vitupu. Mhudumu, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, alimpokea kama mgeni aliyengojewa tangu asubuhi. Alimpima joto, akamuuliza kama ana kikohozi au amekaa na mgonjwa, akampima uzito, akamtoboa kidole. Kwa kidole tu Kipaza alishika ukuta.

"Kundi lako ni B," mhudumu akasema. "Mama mkwe wako ni O. Ya kwako haimfai."

Moyo wa Kipaza uliruka kwa furaha, na akaona aibu jinsi ulivyoruka. "Basi, nikamwambie?" Tayari alikuwa mlangoni.

"Kamwambie. Hata ingefaa, isingemwingia leo, ni lazima ipimwe kwanza. Ya O ninayo kidogo, itamtosha." Mhudumu akafungua friji kuchungulia. "Ya B ndiyo sina kabisa. Watu hawaji. Nusu wanaogopa kutoa, nusu wanaogopa kuongezewa, na mimi nimekaa hapa nawaogopa wote."

Alisema bila kulalamika, akaanza kufuta kiti ambacho hakikuwa na uchafu. Kipaza aliziangalia rafu tupu za friji. Mahali fulani kuna mgonjwa wa kundi B, akawaza, naye labda muda huu anauliza hivi hivi: damu ya nani, katembea wapi, kala na nani? Na jibu ni yeye, mtu wa kochi. Akarudi, akalala kwenye kiti, akafumba macho.

"Nifanye nini sasa?"

"Usifanye kitu. Kunjua mkono."

"Naweza kusema?"

"Sema tu."

Akasema. Alikaribisha sindano kwa jina la ukoo mzima, akaomba waliokuja na watoto wawashike, akatangaza kuwa mkono unaelekea meza kuu, akakata sauti ghafla katikati ya neno sindano ilipoingia, kisha akaendelea. Mhudumu alicheka mpaka miwani ikaning'inia kwenye kamba. "Kaka, nyamaza kidogo, mshipa unatingishika!"

Alirudi wodini na plasta mkononi, juisi tumboni, na kiburi cha mtu aliyetoka vitani. Nyuma yake alikuja nesi na mfuko wa damu ya O.

Mama aliutazama mfuko. "Hiyo ni ya mkwe?"

"Ya mkwe wako haiendani na yako, mama," nesi alisema. "Hii ni ya mtu mwingine aliyejitolea."

"Nani?"

"Hatutaji."

"Mwanamume au mwanamke? Ana tabia gani? Anaoga?"

"Mama, damu hii imepimwa maradhi yote yanayopita kwenye damu. Korona inapita kwenye pumzi. Mpaka leo hatujaona mtu aliyeipata kwa kuongezewa damu. Na anayekuja kutoa akiwa na homa au kikohozi tunamrudisha kwake."

"Daktari kwenye simu hakusema hivyo."

"Daktari gani?"

"Yule wa ile sauti."

"Anaitwa nani?"

Mama alichukua simu, akaitafuta ile sauti. "Hakusema jina," akajibu. Kwenye kitanda cha pili, mgonjwa mwenye mguu uliofungwa akavuta shuka usoni, na shuka likawa linatetemeka.

Mama hakupenda kuchekwa. Uso ukaanza kukaza, na Kipaza, aliyewahi kuokoa harusi ambazo pete zilisahauliwa nyumbani, alijua kuwa hapo ndipo shughuli huharibika. Akasimama. Akanyoosha kola, akaweka barakoa sawa.

"Mabibi na mabwana..."

"Mabwana wako wapi?" akauliza mama wa mguu kutoka chini ya shuka.

"Mabibi, na mimi. Tunaomba utulivu. Mgeni rasmi amewasili. Jina lake hatulijui, kwao hatukujui, kadi hakupewa. Wakati sisi sote tumejifungia ndani, yeye alivaa viatu akaja kutoa zawadi, akaondoka bila hata kunywa soda."

"Juisi wanapewa," nesi akasema.

"Alikunywa juisi akaondoka! Hakungoja kupigwa picha. Mwenye sherehe, mgeni yuko mlangoni. Tumfungulie, au tumwambie ukumbi umejaa?"

Wodi nzima ikaangua kicheko, na dirishani dereva wa lori akapiga mluzi. Mama mkwe alijikaza, akajikaza, kisha kicheko kikamtoka kwa pua, kikamuumiza nyonga, akalia na kucheka pamoja.

"Kaa chini, unaniaibisha," akamwambia Kipaza. Akamgeukia nesi, akakunja mkono wa gauni. "Tia, mwanangu. Lakini taratibu, tusije tukagombana naye siku ya kwanza."

Alipasuliwa, nyonga ikaungwa, na baada ya wiki chache alikuwa nyumbani akitembea na fremu ya chuma, akikagua vumbi juu ya makabati. Majirani walimsalimia kutokea getini, wakimwangalia kama atakohoa. Hakukohoa. Yeye mwenyewe alishaamua kuwa aliyemchangia ni mwanamke mrefu, mwalimu wa hesabu, asiyependa kelele, na kila akihadithia alimwongezea sifa nyingine. Wale wenzake wastaafu aliwatumia sauti mpya, yake mwenyewe, akiwaamuru waipuuze ile ya kwanza. Safari hii alitaja jina lake na la ukoo wake, na bweni alilolisimamia.

Kipaza akawa mtu wa kuchangia damu kila anapoitwa, akisema muda wote. Lakini jambo moja lilimkera: hakujua damu yake ya kwanza iliingia kwa nani.

Kumbi zilikuwa zimeanza kufunguliwa siku alipokwenda na mkewe kupanga foleni ya gesi ya kupikia. Mbele yao alisimama bwana mmoja mfupi aliyekuwa akimweleza mtu asiyemjua habari za bomba lake la maji, kisha za bomba la jirani, bila kupumua. Mkewe akamfinya Kipaza. "Tumempata mgonjwa wako."

Kipaza hakungoja. "Samahani, ndugu. Uliwahi kulazwa kipindi kile cha korona?"

"Mimi? Tangu nizaliwe sijalazwa hata siku moja!" yule bwana akajibu, akafurahi kuulizwa, na akaanza kueleza sababu. Kipaza naye alikuwa na maoni juu ya hilo.

Mkewe alinunua gesi, akaibeba mpaka nyumbani, akapika. Bado walikuwa wamesimama pale.