Aliyesimama Langoni Siku ya Harusi ya Kaka Yangu

Tulijuana alipokuja kutengeneza pampu ya maji kwenye ploti niliyokuwa naishi Kitengela. Alikuwa Myahudi, mweusi kama mimi, na watu wengi hawakumwamini alipowaambia hivyo. Wazazi wake walihamia Kenya kutoka mashariki ya Uganda, ambako babu zao waliishika dini hiyo. Hapo Kitengela walikuwa familia chache tu, wakikutana Ijumaa jioni sebuleni kwa mama yake. Mimi ni Mkamba, binti wa mzee wa kanisa Kajiado. Kwetu hakuna aliyewahi kuolewa nje ya kanisa.

Tulipopendana, mama yake alinipokea vizuri. Siku moja tukikanda unga wa mkate wa Sabato, aliniambia bila kuzunguka, "Binti yangu, nakupenda. Lakini kwetu mtoto hufuata dini ya mama. Ukija, uje mzimamzima."

Nikamwambia nitajifunza, na nilijifunza karibu mwaka mzima. Nilizoea kuzima simu Jumamosi, nikajua baraka ya mishumaa kwa Kiebrania. Mambo niliyoyaanza kwa ajili ya mwanawe nikaanza kuyapenda yenyewe.

Halafu kaka yangu akaoa, Jumamosi, Kajiado. Kwa kuwa mpenzi wangu hasafiri Sabato, alifika Ijumaa mchana, akalala loji, na asubuhi akatembea hadi kanisani akiwa na suti yake. Hakuingia. Alisimama langoni kwenye jua. Baba akatoka kumwita, wageni wakitazama.

"Ingia, kijana. Wewe ni mgeni wangu."

"Asante, mzee. Ibada ikiisha nitakuja kuwasalimia. Dini yetu hainiruhusu kuingia kwa ibada."

Baba alirudi ndani akaketi, amekunja uso. Kwaya ikaanza wimbo wa Kikamba ambao marehemu mama yangu aliupenda. Niliimba, na katikati machozi yakanishinda. Madirisha yalikuwa wazi. Nilipogeuka, nilimwona pale langoni ananitazama.

Kesho yake tulikunywa chai kwenye hoteli moja karibu na stendi.

"Niko na swali," akasema. "Ukija kwetu, ule wimbo utauimbia wapi?"

Nilizungusha kikombe nikingoja aseme kwamba tutapata njia.

"Siwezi kukuomba uache kitu kinachokuliza vile," akasema.

Nilitaka anipiganie. Nadhani naye alikuwa akingoja mimi nikatae kuachana. Tulimaliza chai, tukaagana kwa heshima, kama watu waliokuwa na mkutano. Jibu lilinijia miezi baadaye nikiosha vyombo: ningeuimbia hapo hapo jikoni, na hakuna ambaye angekatazwa kusikia. Wakati huo alikuwa ameshaposa msichana wa kwao, Uganda.

Mwaka jana nilikuwa Kajiado kwa baba. Macho yake yamefifia siku hizi, na huongea zaidi kuliko zamani.

"Yule kijana aliyekataa kuingia kanisani," akaniuliza, "alienda wapi?"

"Alioa, baba. Ana watoto."

"Siku ile nilikasirika. Lakini baadaye nikawaza, mtu anayeheshimu Mungu wake hivyo hawezi kumtesa mtoto wangu. Nilingoja arudi tuongee."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ndiye uliyeacha kumtaja. Nikadhani umemkataa."