Hiba ya Bastola

Baba yangu alikuwa na bastola, na alikuwa nayo kihalali. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wa kwetu nikiwahadithia hunitazama vibaya. Alitoka Unguja baada ya Mapinduzi na sanduku moja, nyumba na duka vimechukuliwa, na huku London akajiunga na klabu ya kulenga shabaha kama wazee wengine wanavyokwenda kucheza bao. Polisi walimpa cheti. Bastola ilikaa ndani ya kabati la chuma kwenye fleti yake ya Thamesmead, na mimi nilikuwa nikiichukia.

Alipoambiwa lazima apasuliwe moyo, aliwaita wazee wawili wa msikitini, akamwita na mwanangu. Mwanangu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba alifungua kabati, akamwekea bastola mikononi, haina risasi, akasema, "Mjukuu wangu, hii hiba yako. Mashahidi hawa hapa." Wazee wakaitikia. Kisha akaichukua, akaifungia kabatini amtunzie, akaenda kupasuliwa roho yake imetulia.

Kwetu hiba ikishakabidhiwa mbele ya mashahidi, mambo yamekwisha. Nilimwambia Baba sheria ya hapa haikubali: aliye chini ya miaka kumi na minne hapewi silaha kama ile hata kwa zawadi, na akishafika umri huo bado anahitaji cheti chake mwenyewe. Alinicheka. "Anafunga mwezi mzima, anasimama safu moja na wanaume, wewe waniambia mtoto?" Nikaliacha lile, nikamtilia uji wake, maana alikuwa ametoka hospitali juzi tu.

Haukupita muda mrefu serikali ikapiga marufuku bastola, baada ya watoto kuuawa shuleni. Kila mwenye nayo aipeleke polisi kabla ya siku iliyowekwa. Atakayebaki nayo, jela. Mungu anisamehe, nilifurahi. Baba akakataa. Hakuwa na ugomvi na sheria. "Wale watoto wameniliza," alisema. "Lakini mie ntatoaje kitu cha mtu? Bastola si yangu."

Niliomba, nikalia, nikagomba. Sheikh alimwambia kwamba babu anaruhusiwa kurejea hiba aliyompa mjukuu wake. Baba akajibu kwamba kuruhusiwa ni jambo moja, lakini mwenye kurejea alichotoa ni kama mbwa alaye matapishi yake. Siku zikawa zinayoyoma. Kwa serikali mwenye bastola ni Baba, kwa Baba mwenye bastola ni mwanangu, na mwanangu kwa sheria hata kuigusa hawezi. Nilikuwa nikiosha vyombo namwona Baba jela na moyo wake ule wa kushonwa. Mtu mbishi namna ile utamfanya nini?

Mwisho mwanangu alikwenda mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Alitoka shule, akatukuta kwa Baba, akakaa kwenye kochi karibu na babu yake na sare zake.

"Babu, I'm giving it to you," alisema.

"Kwa radhi yako?"

Mtoto alinitazama mimi, machozi yamemjaa. Kumbe alikuwa akiitaka. Miezi yote ile sikuwahi kumuuliza, nilikuwa nikigombana na mzee tu.

"Ndiyo, Babu."

"Nimepokea. Sasa ni yangu," Baba akasema.

Asubuhi yake nilimsindikiza Baba kituo cha polisi. Polisi alimuuliza kama bastola ni yake. Baba alijibu ni yake, bila kusita, akaiacha juu ya kaunta, tukatoka. Tulipokaa kwenye kituo cha basi mikono yake haikujua pa kukaa, mara mfukoni, mara magotini.

"Vyangu vyote walinichukulia wenye nguvu," alisema. "Hichi kimoja nilikitoa kwa mkono wangu. Sasa mjukuu wangu nimpe nini?"

Basi lilikuja, mlango ukafunguka, dereva akatungoja. Nilimshika Baba mkono nikampandisha.