Ala za Jinzi na Nta ya Goweko

Mchezo wa vitara una mahitaji mengi ambayo Tabora huyapati. Ukumbi tulikuwa nao, wa kuazima, nyuma ya kanisa. Vitara tulikuwa navyo pia, vyembamba, havina makali, ncha zake zimefunikwa kitufe. Alikuja navyo kocha wetu kutoka ng'ambo alikokwenda kusoma. Kocha mwenyewe ni kijana wa Ulyankulu, mpole hadi unajiuliza alipatia wapi moyo wa kushika upanga. Tulichokosa ni ala za kuvifunika. Ala za dukani zinaagizwa nje ya nchi, na ukitajiwa bei yake unacheka kwanza, halafu unanyamaza.

Mimi nilianza mchezo huu nikiwa mtu mzima, mama wa mtoto mmoja, fundi cherehani ninayeshona na mama yangu katika chumba kimoja hapa Mtendeni. Nilipita ukumbini siku moja kupeleka sare za kwaya, nikaona watu wawili waliovaa vinyago vya wavu wanarukiana. Kocha akanipa kitara nijaribu. Nakwambia, nilirudi nyumbani nikitembea kama niliyeshinda kitu, na mama akaniuliza kama nimeokota hela.

Sikuokota chochote. Nilikuwa nimependa tu, basi.

Mara ya kwanza tulipoalikwa kwenye mashindano Dar es Salaam, tulivifunga vitara kwa magazeti na kamba ya katani, tukaenda stesheni kwa mbwembwe zote. Tulipofika, ncha zilikuwa zimeshatoboa magazeti, zinachungulia nje. Mkaguzi wa mizigo, mzee mwenye sauti ya upole, alizigusa kwa kidole akatikisa kichwa. Akasema hajali kama ni silaha au ni mchezo, kitu hicho kitamtoboa mtu ndani ya behewa. Hakukosea. Treni ikaondoka, na sisi tukabaki tumesimama na mzigo wetu. Zamani watu wa huku walibeba mizigo begani kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani, na mimi nimeshindwa kuupandisha wangu kwenye treni! Nililia njia nzima hadi nyumbani, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Mama hakuupenda mchezo huo tangu mwanzo. Aliona aibu, mwanamke mzima kuchomana na vijana kwa vyuma. Usiku ule alinipa chai, akasubiri nimalize, ndipo akasema, "Sikia, mwanangu. Wakikukatalia tena pale stesheni, ujue ni ishara. Utaacha, utulie na cherehani."

"Sawa, mama," nikajibu, nikiamini mwaliko mwingine hautakuja.

Ukaja. Na safari hii sikuwa tayari kukataliwa njiani, maana nilishajua kwamba nikikosa treni nimekosa na mchezo wenyewe.

Tulianza na tyubu za baiskeli. Mjini kwetu baiskeli hazihesabiki, na fundi wa jirani alitupa tyubu chakavu bure. Kitara kiliingia ndani kama mguu kwenye soksi, tukapongezana na kocha kwa kugonga mikono. Zikapita siku chache za mvua. Tulipovuta kitara cha kwanza kikatoka na kutu ya rangi ya chai, cha pili hivyohivyo. Mpira ulikuwa umefungia jasho la mikono yetu ndani. Tulishinda Jumamosi nzima tukisugua vyuma kwa msasa, kocha haongei, mimi naongea kwa niaba ya wawili.

Wazo la jinzi lilikuwa langu, na nilivyolipata nilipiga kelele hadi mama akajichoma sindano. Mguu wa suruali ya jinzi! Kitambaa kigumu, kinapumua, na pale kwenye mnada wa mitumba suruali iliyochanika magoti wanakupa karibu bure. Unaukata mguu kwa urefu, unakunja kila kipande, unashona ubavuni, unapata ala mbili. Chini, pale ncha inapokaa, unaweka kipande cha soli ya ndala kuukuu ili isitoboe. Juu unapitisha kamba ya kiatu ya kukazia. Nilishona ya kwanza mbiombio kwa furaha.

Mama alivumilia kuitazama kwa muda mfupi sana.

"Hebu pisha hapo," akasema. "Unashona kama unakimbizwa na polisi."

Akakaa yeye. Hakuutaka mchezo, lakini mshono mbaya ndani ya nyumba yake hakuutaka zaidi. Alipiga mishono miwili miwili, iliyonyooka kabisa, huku ananung'unika kwamba anajishonea balaa mwenyewe. Mimi nikawa namkatia uzi. Nilijua nikifungua mdomo tu atakumbuka kwamba hataki niende.

Tatizo likabaki mvua. Jinzi inanyonya maji. Hapo mama, kazi ikiwa sasa imemkolea, akasema kitambaa tukipake nta. Ndugu zetu wa Goweko wanafuga nyuki, na ndani tulikuwa na masega yaliyokamuliwa ambayo mwanangu alikuwa akiyatafuna kama pipi. Bado yalikuwa na asali asali. Nilimuuliza mama kama hatuyaoshi kwanza.

"Asali kidogo inadhuru nini? Italainisha kitambaa."

Nikakubali, kwa sababu harufu ilikuwa tamu na mimi nina haraka ya kuzaliwa nayo. Tuliyayeyusha kwenye sufuria, tukazipaka ala kwa brashi, tukazianika kwenye kamba ya nguo uani, jua kali. Ilikuwa asubuhi ya siku ya safari yenyewe. Ndivyo tulivyo mafundi, gauni la harusi tunalimaliza bibi harusi yuko mlangoni.

Watu wa Tabora, wajukuu wa warina asali, tumeanika asali juani na kuingia ndani kunywa chai!

Nyuki wa kwanza alikuja peke yake. Baadaye nikasikia uani kama mtu amewasha mashine ya kusaga. Nikafungua mlango, nikaufunga. Kamba yote ilikuwa imegeuka kahawia, inatembea. Kocha naye alikuwa anafika getini na begi lake. Alisema "Shikamoo mama" na hakusubiri marahaba, alitoka mbio hadi barabarani.

Nilikaa chini sakafuni. Treni ilikuwa ya jioni, ala ziko chini ya nyuki, na vitara vitupu vimelala mezani. Nikamtazama mama. Angeweza kusema ndiyo ishara yenyewe. Angesema hivyo ningeinuka, niende kwenye cherehani, na ningeshona sare za kwaya hadi uzeeni.

Mama alikuwa anatazama nje dirishani.

"Mayo wane!" akasema, akimwita mama yake kwa Kinyamwezi. "Wanakaa juu ya mshono wangu?"

Akachukua koti langu la mchezo, akalivaa juu ya kitenge. Akachukua kinyago changu cha wavu, akakigeuzageuza, akakivaa, na kwa mara ya kwanza nikamwona mama yangu amevaa kama mchezaji wa vitara. Akawasha kipande cha gunia kwenye kopo, likafuka moshi, akatoka nje. Mimi nilipanda juu ya kiti ili nione vizuri. Alikwenda taratibu, mkono mmoja mbele na kopo lake, magoti yamekunjwa kidogo, akisogea na kusimama, akisogea na kusimama, jambo ambalo kocha alikuwa ananifundisha kwa miezi na sijalipata. Nilishangilia mle ndani kama niko uwanjani.

Nyuki wakaanza kuinuka. Ala zikaonekana, moja, halafu zote. Mama akafurahi mno, akafunua kinyago ili aniite nije nione, na hapohapo mmoja akamchoma juu ya jicho.

Alirudi ndani na ala zote kifuani, analaani na kucheka kwa pamoja. Tukaziosha kwa maji baridi. Asali ikatoka, nta ikabaki. Tukazipiga pasi ya mkaa juu ya gazeti mpaka zikakauka na nta ikazama kwenye nyuzi. Tukaingiza vitara. Kila kimoja kilikaa, kimetulia. Kocha alirudi, akaomba radhi kwa kukimbia, akamwamkia mama upya na safari hii akasubiri jibu.

Stesheni, mama akitusindikiza, tulimkuta mkaguzi yuleyule. "Nyinyi tena," akasema. Akaishika ala, akaibonyeza chini pale kwenye soli ya ndala, akaikunja, akaisugua kwenye kiganja chake kutafuta ncha. Akainusa.

"Mbona inanukia asali?"

"Ni dawa ya kutu," akasema mama, ambaye jicho lake moja lilikuwa limefumbwa kabisa na uvimbe. "Na usiikunje hivyo, mzee wangu, utaharibu nta."

Mkaguzi alimtazama, akaniangalia mimi, akatuonyesha behewa kwa kidole. Sikukumbuka hata kusema asante. Nilimkumbatia kocha, nikakumbatia begi, nikapanda. Mama alikuja hadi chini ya dirisha langu, akanyoosha mkono, akaibana kamba ya ala moja ambayo haikuwa imelegea.

"Yule wa kwanza watakayekupangia," akasema, "mpige kwa ajili ya hili jicho."

Wa kwanza alikuwa msichana mrefu wa Dar, mwenye viatu vizuri na mkono usiokwisha. Nilimpiga.