Mtu wa Kuitikia

Kwetu Tabora, mtu mzima akikusimulia jambo nawe ukakaa kimya, ataacha kusimulia na kukuuliza kama unaumwa. Msimulizi husema kidogo, msikilizaji huitikia "ehee," msimulizi husonga mbele. Nimelelewa hivyo, na sikuwahi kuliona kuwa jambo la kutajwa. Naitikia kwenye simu, naitikia kwenye foleni ya duka, naitikia hata mahubiri ya redioni nikiwa peke yangu garini. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, kumi na miwili kati ya hiyo nikiwa Texas, ndipo nilipoambiwa kwamba tabia hii ingeniharibia filamu.

Aliyeniambia alikuwa mlezi wangu. Ndiyo, kwa umri huo nilipewa mlezi. Ulikuwa mpango wa kuwakutanisha watu Weusi wanaochipukia katika filamu za maisha halisi na wale waliokwisha kubobea, mmoja kwa mmoja, kwa miezi minane. Kuchipukia kwenyewe, magoti yanalia kila nikipanda ngazi. Aliyenisukuma ni Mkenya mmoja ninayekaa naye dirisha la kusajili wagonjwa kliniki. "Wewe u-apply tu," aliniambia. "Hiyo story ya jirani yako ni poa sana. Wakikukataa, si utabaki tu vile uko?" Nilituma maombi siku hiyohiyo, mkono mmoja ukiwa na sambusa. Waliponichukua sikushangaa. Wapo walioona najisifu, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuona kilichomo ndani ya kamera yangu, na nilijua hakuna mwingine mwenye kitu kama kile.

Kilichokuwamo ni Mama. Ni Mrundi, jirani yangu wa mlango wa tatu pale Haltom City. Aliingia Tanzania kwa miguu akiwa msichana, akaolewa na kuanza kuzeeka katika makazi ya wakimbizi, kisha akaletwa Texas pamoja na jamaa zake. Yeye ana Kirundi chake, mimi nina Kinyamwezi changu, na Kiswahili ndipo tunapokutana. Hapa Texas alikunja mashuka ya hoteli mpaka mgongo ukamgomea. Lakini kule makazini alikuwa mkunga. Jumapili baada ya misa, wanaume wenye vitambi na magari makubwa huja kumwamkia wakiwa wameinama, naye humwambia mmoja wao mbele ya mkewe, "Huyu alitanguliza makalio. Mpaka leo hajui kuingia mahali kwa adabu."

Siku ya kwanza nilipomwekea kamera nilimwuliza swali moja tu, kwamba mtoto wa kwanza kumpokea alikuwa nani. Akaanza. Alikuwa na miaka kumi na minne, wanakimbia kwa makundi kuelekea mpakani, jua kali. Mwanamke asiyemjua akashikwa na uchungu kando ya njia. Wakubwa wakasita, kisha wakapita. Mwanamke akamkamata yeye pindo la kitenge, na hakumwachia. Hapo ndipo mjukuu wake alipoingia kutoka shule, akatupa begi na kusema, "Bibi, I'm starving." Mama akainuka kwenda kupasha maharage, na hadithi ikabaki njiani.

Sikuhangaika. Niliona tuna muda. Wiki mbili baadaye binti yake aliyehamia Iowa akapiga simu kusema anakuja kumchukua mama yake mwisho wa mwezi, aende akakae naye.

Kwa haraka hiyo nilikwenda Houston kumwonyesha mlezi wangu nilichonacho. Alikuwa na nyumba kule Sharpstown, na banda la gari alikuwa ameligeuza chumba cha kuhariri. Mwanamke mzaliwa wa Houston, mwenye miaka hamsini na kitu, rasta zake zimeingia mvi, miaka thelathini katika kazi hii. Tulizungumza Kiingereza, ila maneno yake nayakumbuka kwa Kiswahili na ndivyo nitakavyoyaandika. Alivaa visikilizi na, ingawa Kiswahili hakijui, akatazama Mama anavyosimulia, huku mimi nikimtazama yeye kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Akasimamisha picha.

"Huyu anayesema 'ehee' kila saa ni nani?"

"Ni mimi."

"Mwambie anyamaze."

Akanivalisha visikilizi nisikie mwenyewe. Kweli, nilikuwa nimekaa juu ya sauti ya Mama kama inzi juu ya mchuzi. Akanieleza bila kunibembeleza kwamba sauti mbili zikishapandana hazitenganishwi, kwamba sentensi ya Mama, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kukatwa ikatumika peke yake kwa sababu yangu. Nimrudishe kwenye kiti, aisimulie upya kutoka mwanzo, na mimi niitikie kwa kichwa na macho tu. "Na akikwama, usimwokoe," alisema. "Hakuna mtu anayeweza kuvumilia ukimya. Ataujaza mwenyewe."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Kuta za banda lile zilijaa picha za kazi zake, na mimi nilikuwa na kamera ya mitumba.

Jumamosi iliyofuata nilifanya kila alichonifundisha. Nilifunga madirisha. Nilizima friji ya Mama, maana ilikuwa inanguruma, nikaweka funguo zangu za nyumba ndani yake ili nisiweze kuondoka bila kukumbuka kuiwasha. Mama alinitazama nikifanya hivyo. "Kuna nyama humo," alisema. Nikamwambia ni kwa muda mfupi tu. Kisha nikamwomba anisimulie tena, kuanzia mwanzo.

Akaanza, akasema sentensi mbili, akatua. Nikatikisa kichwa. Akasema ya tatu, akatua tena, akinitazama mdomo. Nikafumbua macho kwa nguvu zote. Friji kimya, madirisha kimya, mimi kimya. Mama akajiweka sawa kitini.

"Mwanangu," akasema, "nimekukosea?"

"Hapana, Mama. Endelea tu."

"Naendelea na nani?"

Ukimya ulikaa pale sebuleni, na Mama hakuujaza. Aliuacha. Alijaribu mara moja zaidi, kwa sauti ya mtu anayejibu polisi. Basi, akasema, mtoto akazaliwa, tukaenda zetu. Akavua kipaza sauti kwenye kola, akanikabidhi. Nilipomsihi turudie, mimi sasa nikiitikia kama zamani, alikataa katakata. "Wewe nimeshakusimulia mara mbili. Hadithi hairudiwi kwa mtu yuleyule kama dawa. Unataka watu waone nimechanganyikiwa?"

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikuwa nimelisikia la mkuu vizuri kabisa, na guu likavunjika vilevile.

Niliona uchungu, na uchungu wangu hugeuka hasira upesi. Kesho yake niliendesha gari kwa muda wa saa nne kwenda Houston, njia nzima nikigombana na mlezi wangu ambaye hakuwamo garini. Nilipofika sikukaa. Nilimwambia amekosea. Nilimwambia kwetu anayenyamaza mbele ya msimulizi ama hakuamini, ama anakudharau, na kwamba nimemdharau mwanamke aliyeniamini kwa sababu ya sentensi ya kukatika vizuri. Na kwamba imebaki Jumamosi moja.

Alinisikiliza bila kutikisika, kwa macho tu, kama alivyonifundisha. Kisha akasema, "Kaa. Nisimulie kitu chochote. Mimi nitanyamaza."

Nikamsimulia siku nilipofeli mtihani wa udereva pale Fort Worth. Ni kisa kirefu kizuri, nimekitumia kuchekesha harusi mbili. Kwa mlezi wangu kilikwisha kwa sentensi nne.

"Sasa kingine," akasema. "Bila mpango."

Nikamsimulia mama yangu alipokuja kunitembelea ikadondoka ile mvua ya barafu, akatoka na sufuria kwenda kuichota akidhani ni baraka. Sijui nilisema kwa muda gani. Ninachojua ni kwamba katikati nilisikia "mhm." Kisha "mhm, halafu?" Kisha kofi gotini na "acha wewe!" Nikawa nimesimama, naigiza sufuria. Tulipomaliza kucheka aliona ninavyomtazama, akakiweka kiganja chake mdomoni.

"Bibi yangu," akasema, "alikuwa hawezi kusimulia hata safari ya sokoni bila sisi kumwitikia. Ukinyamaza anakufukuza barazani."

"Wewe kunyamaza ulifundishwa na nani?"

Akawataja. Walimu wake wa kwanza, watu wema, alisema, waliompa kazi wakati hakuna aliyempa. Wote Wazungu, na kwao mtu husikiliza kwa macho. Hakulisema kwa chuki. Aligeuka kuzitazama zile picha ukutani, kazi ya miaka thelathini. "Nimewanyamazia wazee wangu wengi," akasema. "Wengine hawapo tena." Nilimwonea huruma, na nikajionea haya kwa yale matusi yote ya njiani.

Halafu akageuza kiti. "Amekataa kukurudia wewe. Mimi je? Mimi sijaisikia."

"Hujui Kiswahili."

"Nifundishe lile neno."

Jumamosi ya mwisho alifika Haltom City asubuhi, amevaa gauni la kanisani kwa sababu nilimwambia anakwenda kwa mkubwa. Nilikuwa nimemfundisha pia "shikamoo," akaitoa kwa magoti yaliyokunjwa kupita kiasi, na Mama akaipokea kwa furaha. Masanduku ya Iowa yalikuwa yamepangwa mlangoni. Nilizima friji, nikaweka funguo ndani. Mama akaguna.

Nilimweleza kwamba mgeni wangu ametoka mbali kuja kusikia habari ya mtoto wa kwanza, maana yeye hajaisikia.

"Na lugha?"

"Hajui, Mama. Ila anaitikia."

Mama alimpima yule mwanamke kwa macho, kuanzia rasta mpaka viatu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, akavaa kipaza sauti mwenyewe.

Mlezi wangu alikaa kwenye kigoda, hatua chache mbele ya Mama, pembeni kidogo ya kamera. Mimi nilisimama nyuma ya kamera nimeuma midomo. Mwanzoni alikuwa anaitikia ovyo. Mama anavuta pumzi, yeye "ehee", Mama anakohoa, yeye "ehee." Mama akacheka, akamsubiri, akaanza kumkatia hadithi vipande vya kutosha, kama anavyomkatia mjukuu nyama. Baada ya dakika kumi hivi walikuwa wanakwenda pamoja. Sauti hazikupandana hata mara moja, kwa sababu mtu asiyejua maneno hana cha kusikiliza ila mapumziko, na aliyasikiliza hayo kuliko nilivyowahi kuyasikiliza mimi.

Mama akafika kwenye kitenge, pale alipokatizwa siku ya kwanza, akapita. Alikaa na yule mwanamke kwenye majani mpaka jua likapinda. Aliambiwa la kufanya na mzazi mwenyewe, kwa sauti ya chini, hatua kwa hatua. Alichana pindo la kitenge chake, akafunga kitovu. Mtoto wa kike, mzima. Mwanamke akapumzika, akajifunga mtoto, akasimama akatembea. Kwenye njia panda watu walikuwa wanagawanyika; kundi la Mama likashika huku, mwanamke akashika kule alikomwona ndugu yake. Hawakuulizana majina. Hakuna aliyefikiria majina siku ile.

"Ehee," akasema mlezi wangu.

Wale wote aliowapokea baadaye anawajua, Mama akasema, kwa majina na kwa makalio. Huyo mmoja hamjui. Atakuwa mtu mzima sasa, wa miaka hamsini na kitu. Kila mwanamke wa umri huo anayekutana naye, kanisani, hotelini, kwenye foleni ya hospitali, humtazama kidogo zaidi ya inavyofaa. Ndiyo maana, akasema, nilipomletea kamera hakukataa. Alisikia picha hizi hufika mbali.

Kisha akafanya jambo nililomkataza tangu siku ya kwanza. Aliiacha sura ya mgeni, akatazama ndani ya kioo cha kamera moja kwa moja.

"Wewe mtoto wa njiani," akasema. "Unanisikia?"

Akatua.

Na mlezi wangu, ambaye hakuwa ameelewa neno hata moja, alisikia pumziko, akaitikia.

"Ehee."

Mama akageuza kichwa polepole. Alimtazama yule mwanamke mwenye miaka hamsini na kitu, kwenye kigoda, na gauni lake la kanisani, kwa muda mrefu zaidi ya inavyofaa. Mimi sikuzima kamera. Machozi yalikuwa yananishuka mpaka shingoni. Mlezi wangu aliona tu kwamba Mama amenyoosha mkono, naye akaupokea, wakakaa hivyo.

"Haya," akasema Mama baadaye, akijifuta uso kwa kiganja. "Washa friji, mwanangu. Nyama yangu inaharibika."