Walioimba Mvuani

Lori la majani chai likinipita barabarani, mimi hushusha kioo cha gari. Ile harufu mbichi, ya majani yaliyoanza kunyauka, hunirudisha uwanja wa mpira wa Roret, kwetu, nikiwa nimeshika sketi ya Mama.

Mashabiki wa timu ya wageni, Kimulot, walikuja na lori kama hilo, moja kwa moja kutoka shambani, bado wamevaa zile plastiki za kuchumia chai. Watu wetu, na nguo zao za kanisani, waliwacheka.

"Hawa wamekuja mpira ama kuchuma?"

Kisha ikanyesha ile mvua yetu ya kila alasiri. Watu wetu wakakimbilia vibaraza vya maduka. Wageni hawakusonga. Si ndiyo mvua wanayochumia? Walijifunika plastiki vichwani, wakagonga mbao za lori kwa viganja na kuimba, na kila tulipowafunga bao, wimbo ulipanda zaidi. Wachezaji wao, matope hadi kwenye nyusi, walikimbia kana kwamba wao ndio wanaoongoza. Mama aliniacha kibarazani, akatoka kwenda kuwasikiliza vizuri.

Tulipofika nyumbani, Baba akauliza, "Nani ameshinda?"

"Kimulot," nikasema.

Kaka yangu akaruka. "Muongo! Tumewafunga tatu!"

Baba akamgeukia Mama aamue. Mama hakumsikia. Alikuwa amelowa chapachapa, ameinamia jiko akichochea moto, na polepole alikuwa anaimba wimbo wa wageni.